Somo la kompyuta vyuoni lianzie kwenye hesabu za shamba

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limehamia kwenye kompyuta, na vijana wetu wanafundishwa kulitumia katika vyuo vya kilimo, vyuo vya biashara na vyuo vikuu. Daftari hilo ni programu ya majedwali ya hesabu. Wataalamu wa Kiswahili huiita lahajedwali, lakini wengi wetu tunaiita kwa jina la programu moja tu kati ya zilizopo, yaani Excel.

Katika makala haya nataka kuzungumzia jambo linalowahusu wakulima na wafanyabiashara wadogo kuliko wanavyodhani. Ni namna somo hilo linavyofundishwa, na sababu inayomfanya mwanafunzi aliyelipiwa ada kwa mahindi, vitunguu au faida ya genge akae darasani akichezea simu wakati linapofundishwa.

Darasa hilo nimelikaa nikiwa mwanafunzi, na baadaye nimesimama mbele yake nikiwa msaidizi wa mwalimu. Hali yake hufanana kutoka chuo hadi chuo. Kompyuta moja ina wanafunzi watatu au wanne. Aliyekaa mbele ya kibodi ndiye anayefanya. Wa kulia kwake anatazama matokeo ya mpira kwenye simu, wa kushoto anajibu ujumbe wa WhatsApp, na aliyesimama nyuma haoni kitu. Mwalimu anasema bofya hapa, buruta pale. Kisha linakuja zoezi: andika majina ya wanafunzi kumi na alama zao za masomo matatu, tafuta jumla na wastani.

Kabla kipindi hakijaisha mmoja amemaliza. Kazi yake inahamishwa kwa flashi kwenda kwa wenzake, kila mmoja anabadili jina lake juu na kukusanya. Mwisho wa muhula wote wamefaulu. Lakini mhitimu huyo huyo akienda kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye ofisi ya chama cha msingi cha ushirika, akapewa kitabu cha mapokezi ya mazao na kuambiwa atoe hesabu ya kila mkulima, anarudi kwenye kikokotoo cha simu.

Ni rahisi kuwalaumu vijana, na lawama nyingine wanastahili. Mwaka 2013 watafiti wa Canada, Faria Sana na wenzake, walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wanaofanya mambo mengine kwenye kompyuta zao wakati wa somo. Walikuta kwamba wanafunzi hao walipata pungufu ya takriban alama 11 kati ya 100 wakilinganishwa na waliosikiliza. La kushangaza zaidi ni kwamba wanafunzi waliokuwa wakiandika kwa kalamu na karatasi, lakini wamekaa mahali wanapoona kompyuta za wenzao hao, walipoteza takriban alama 17. Kwa hiyo anayetazama mpira darasani hapotezi ada ya mzazi wake peke yake, anapoteza na ya mzazi wa jirani yake.

Hata hivyo, kukataza simu peke yake hakutamfanya mtu ajifunze. Tujiulize, alama za wanafunzi kumi wasiokuwepo zinamhusu nani? Hakuna mtu anayesubiri jibu. Wastani ukiwa 54 au 61, hakuna atakayelala njaa wala atakayebadili uamuzi wowote. Kijana ana akili timamu, anajua kwamba kazi hiyo haina mwenyewe, na macho yake yanakwenda kwenye kitu chenye mwenyewe, ambacho ni ujumbe wa rafiki yake.

Inafaa tukumbuke chombo hiki kilivyoanza. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba akiwa amekaa darasani mawazo yake yalikuwa yakisafiri. Lakini yalisafiri kuelekea kwenye tatizo lenyewe: katika majedwali ya biashara, namba moja ikibadilika, zote zinazoitegemea hulazimika kufutwa na kukokotolewa upya. Akawaza, itakuwaje kama namba zingejirekebisha zenyewe? Yeye na mwenzake Bob Frankston wakatengeneza VisiCalc, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta za Apple II. Excel yenyewe ilikuja mwaka 1985. Kwa maneno mengine, chombo hiki kilizaliwa na mwanafunzi ambaye mawazo yake yalihama somo kwa sababu alikuwa na hesabu iliyomkera.

Vijana wetu nao wanazo hesabu za namna hiyo, ila tumeziacha nyumbani kwao.

Tuchukue ekari moja ya mahindi. Namba nitakazotumia ni za mfano, kila mmoja aweke za kwake. Kukodi shamba shilingi 100,000. Kulima na kupiga haro 90,000. Mbegu 80,000. Mbolea mifuko miwili 150,000. Kupanda na palizi mbili 150,000. Dawa ya viwavijeshi 30,000. Kuvuna, kupukuchua na kubeba 120,000. Mwanafunzi aziandike kwenye safu ya B, kuanzia kisanduku B2 hadi B8. Kwenye B9 aandike =SUM(B2:B8), na jumla itatoka 720,000. Kwenye B10 aweke idadi ya magunia ya kilo 100, tuseme 15. Kwenye B11 aandike =B9/B10. Jibu ni 48,000. Hiyo ndiyo gharama ya gunia moja kabla halijatoka nyumbani.

Sasa abadili kisanduku kimoja tu. Mvua ikikata mapema na magunia yakawa 12, gharama ya gunia inapanda yenyewe hadi 60,000. Yakiwa 10, inafika 72,000. Kama bei ya wakati wa mavuno ni 55,000, mwenye magunia 15 amepata faida ya 105,000, na mwenye magunia 12 amepata hasara ya 60,000. Wote wawili wataonekana sokoni wakihesabu noti, na wote wawili watasema wameuza.

Wakulima wengi hawaiandiki kodi ya shamba kwa sababu shamba ni lao, wala hawaandiki palizi kwa sababu wamepalilia wenyewe na watoto. Hapo ndipo hesabu inapotudanganya. Shamba hilo ungeweza kumkodisha mtu, na siku hizo za palizi ungeweza kufanya kibarua kwa jirani. Jedwali likiwa na mstari wa kila gharama, nafasi iliyoachwa wazi huonekana na mtu akauliza.

Tuje kwenye lumbesa. Mnunuzi anatoa shilingi 55,000 ile ile kwa gunia, lakini gunia lake limeshonewa kilemba na linachukua kilo 120. Kilo 1,500 za ekari ile zinakuwa magunia 12 na nusu badala ya 15, na fedha inayoingia ni 687,500. Gharama ilikuwa 720,000. Faida ya 105,000 imegeuka hasara ya 32,500, wakati bei ya gunia haijashuka hata senti moja. Tumesikia miaka mingi kwamba lumbesa ni wizi. Sidhani kama kuna hotuba inayoweza kumwonyesha kijana wizi huo kama jedwali la mistari mitano aliloliandika mwenyewe.

Swali la tatu ni la kuhifadhi. Mkulima wetu ana magunia 15 na mkopo wa kikundi wa shilingi 400,000, riba asilimia 5 kwa mwezi. Auze sasa kwa 55,000 alipe deni, au asubiri miezi mitano? Akisubiri atalipa riba ya 100,000, na mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa, tuseme 5,000 kwa kila gunia, itamgharimu 75,000. Bei ikifika 75,000 atapata 1,125,000, akitoa 175,000 anabaki na 950,000. Hiyo ni zaidi ya 825,000 ambazo angepata leo. Lakini bei ikiishia 65,000, anabaki na 800,000, yaani amesubiri miezi mitano ili apoteze 25,000. Bei ambayo kusubiri kunaanza kulipa ni takriban 66,700. Gunia moja likiharibika, bei hiyo inapanda hadi takriban 71,400.

Mkulima akiijua namba hiyo, mazungumzo yake na mnunuzi hubadilika. Asipoijua, anasubiri kwa sababu jirani anasubiri, na anauza kwa sababu jirani ameuza.

Lipo pia zoezi ambalo ningependa kila mwanafunzi alifanye katika wiki ya kwanza ya muhula. Tuseme ada, malazi na matumizi yake ya mwaka ni shilingi 2,000,000. Kwa bei ya 55,000, ni zaidi ya magunia 36 ya mahindi. Wazazi wengi huishia kwenye hesabu hiyo. Lakini faida ya gunia moja katika mfano wetu ni 7,000 tu. Ili ada hiyo itoke kwenye faida, yanahitajika magunia 286, ambayo ni mavuno ya zaidi ya ekari 19. Mzazi mwenye ekari tatu anayelipa ada hiyo halipi kwa faida. Analipa kwa mbegu na mbolea ya mwakani, kwa mbuzi aliyeuzwa, au kwa mkopo. Mwanafunzi akishaliona jambo hilo kwenye jedwali lake mwenyewe, lenye jina la mahali alikotoka, nina hakika simu itakaa mfukoni walau kwa kipindi hicho.

Wafanyabiashara wadogo nao wana lao. Mama anayenunua matenga 10 ya nyanya kwa 35,000 kila moja, akalipa usafiri 50,000, ushuru na upakuaji 20,000, ametumia 420,000. Akiuza kila tenga kwa 45,000 anaona amepata 10,000 kwenye kila moja, kwa sababu analinganisha na bei ya kununulia tu. Ukweli ni kwamba faida yake ni 3,000 kwa tenga, na tenga moja likioza njiani anaingiza 405,000, hasara ya 15,000. Mtaji unapungua polepole, na mwisho watu wanasema ana mkosi au amerogwa, kumbe hesabu ya usafiri na uozo haikuingia.

Hapa naomba nitoe tahadhari. Kompyuta haijui shamba wala soko, inatii unachoiandikia. Mwaka 2010 wachumi wawili mashuhuri, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa andiko lililosema kwamba uchumi wa nchi hudorora sana deni la taifa linapozidi asilimia 90 ya pato lake. Andiko hilo lilinukuliwa sana na wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliotaka kubana matumizi ya serikali. Baadaye Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, alipewa zoezi la darasani la kurudia hesabu za andiko lolote maarufu. Akachagua hilo. Namba zikakataa kulingana. Alipopata jedwali la wachumi hao la Excel aligundua kwamba wastani ulikuwa umechukua mistari ya nchi 15 badala ya 20. Nchi tano zilikuwa zimeachwa kwa kukosea kisanduku cha mwisho. Hilo halikuwa kosa pekee aliloliona, lakini ndilo lililosikika duniani kote, na wachumi wenyewe walilikubali.

Kisa hicho kina mafunzo mawili kwetu. La kwanza, hata wakubwa hukosea mipaka ya jumla, kwa hiyo kila jedwali lipitiwe na jicho la pili. Baba au mama anayelijua shamba ndiye jicho hilo. Akiona palizi imeandikwa 15,000 atasema hapana, ongeza sifuri. La pili, aliyefichua kosa alikuwa mwanafunzi anayefanya zoezi la darasa. Alikuwa na namba za kweli mbele yake, na kulikuwa na watu waliohitaji jibu lake. Haihitaji Amherst kupata zoezi la namna hiyo. Makato anayokatwa mkulima wa korosho au ufuta anayeuza kupitia stakabadhi ghalani, mfumo tulioutungia sheria mwaka 2005, yanatosha kuwa kazi ya muhula mzima kwa darasa la wanafunzi 60.

Wapo watakaosema kompyuta hazitoshi. Ni kweli, na hilo linawahusu wenye bajeti. Lakini jedwali la hesabu halianzi kwenye kompyuta, linaanza kwenye karatasi. Nusu ya darasa ikae na karatasi ya mistari ichore safu zake, iamue kipi kinaandikwa wapi na kipi kinategemea kipi, wakati nusu nyingine iko kwenye kompyuta, kisha wabadilishane. Aliyekwisha kulichora jedwali lake kwa kalamu halihitaji kukaa saa nzima mbele ya kioo. Tena programu hizi zipo za bure. LibreOffice inawekwa kwenye kompyuta bila kununuliwa, na kwenye simu zipo zinazofanya kazi hata bando likiisha. Simu ile ile tunayoilaumu inaweza kushika hesabu ya ekari tatu bila shida.

Wengine watasema si kila mwanafunzi ametoka kwa mkulima. Sawa. Aliyetoka mjini alete hesabu ya genge la mama, bodaboda ya kaka, au chumba anachopangisha shangazi. Asiye na chochote aandike matumizi yake mwenyewe ya mwezi, kuanzia chakula hadi bando. Sharti liwe moja tu: namba ziwe za kweli na kuwe na mtu anayengoja jibu. Kazi za namna hiyo hazinakiliwi kwa flashi, kwa sababu shamba la mmoja halifanani na la mwingine, na mwalimu ataona.

Kwa msingi huo natoa rai kwa pande tatu. Walimu wa somo hili waondoe zoezi la alama za wanafunzi kumi, na badala yake kila mwanafunzi alete daftari la shughuli moja anayoijua. Mtihani uulize swali la uamuzi, kwa mfano, bei ikishuka hadi kiasi fulani, mkulima huyu auze au asubiri, na kwa nini. Vyuo navyo viwasiliane na vyama vya msingi vya jirani, vyenye vitabu vingi vya mapokezi na mikono michache ya kuvipanga.

Wanafunzi nao waelewe kwamba ajira za ofisini ni chache, na anayezipata kwa kawaida huulizwa siku ya kwanza kama anaweza kupanga hesabu. Cheti kinasema ulikaa darasani. Jedwali la shamba la nyumbani, lililokamilika na linalojirekebisha, linasema unaweza kazi.

Na wewe mzazi, mkulima au mfanyabiashara, usijione huna sauti katika jambo hili kwa kuwa hukusoma kompyuta. Anza msimu huu kuandika kila shilingi inayokwenda shambani au inayotoka dukani, kwenye daftari la kawaida, pamoja na tarehe. Mwanao akirudi likizo mkabidhi. Usimuulize kama amefaulu Excel, maana atajibu amefaulu. Muulize gunia lako limekugharimu shilingi ngapi, na chini ya bei gani usikubali kuuza. Mpe siku mbili. Akikuletea jibu, kaa naye mlipitie mstari kwa mstari. Akishindwa, mrudishe chuoni na daftari hilo mkononi, na mwambie amwombe mwalimu wake wafanye hesabu hiyo darasani.